Kuumba mwili wa binadamu kwa kitambaa: kazi iko kwenye mvutano wa nguo

Anayeanza kuumba mwili wa binadamu kwa kitambaa kwa kawaida hufikiri kazi yenyewe ni kujaza. Hukata vipande viwili vyenye umbo la mtu, akavishona kingo, akageuza, akasindilia pamba. Kinachotoka ni mto wenye mikono na miguu: kifua na mgongo vimefanana, mabega yameviringika, shingo imelala. Akiona hivyo huongeza pamba, na hali huzidi kuharibika.

Sababu iko kwenye maumbile ya nguo. Nguo iliyofungwa pande zote, ikisukumwa kutoka ndani, hutafuta duara, maana kwa mzingo uleule hakuna umbo linalobeba ujazo mwingi kuliko duara. Kadiri unavyosindilia ndivyo mkono, paja na kiwiliwili vinavyozidi kuwa mabomba. Mwilini mwa mtu hakuna bomba. Kifundo cha mkono ni bapa. Kifua ni kipana kuliko unene wake. Shavu la mguu limevimba nyuma, tena kwa juu, ilhali muundi kwa mbele karibu umenyooka. Kwa hiyo katika kila hatua swali ni lile lile: nguo inavutwa wapi, na kitu gani kinaivuta? Wanaoimudu kazi hii hushika sindano muda mrefu kuliko wanavyoshika pamba.

Kabla ya sindano kuna mkasi, na kabla ya mkasi kuna jiometria kidogo ambayo haikwepeki. Kitambaa hupinda upande mmoja bila ubishi. Ukikiviringisha kinakuwa bomba na hakilalamiki. Kukipindisha pande mbili kwa wakati mmoja, kama mwili unavyopinda karibu kila mahali, ni lazima uondoe nguo au uongeze nguo, au utumie kitambaa kinachovutika. Sehemu zilizovimba pande zote, yaani titi, tako, kisigino, ncha ya bega, paji la uso, zinataka nguo iondolewe. Hapo hushonwa mkunjo wa kabari, ule ule ambao mafundi cherehani huuweka kifuani pa gauni. Sehemu zinazoingia ndani upande mmoja na kutoka nje upande mwingine zinataka kinyume chake, yaani nguo iongezwe: ubavuni pa kiuno, shingo inapokutana na bega, kwapani, na ule uwazi kati ya kidole gumba na cha shahada. Fundi wa kanzu anaijua siri hii. Ndiyo maana huweka kikwapa, kile kipande cha nguo cha kuongezea kwapani. Mwili wa kitambaa unahitaji vikwapa vingi kuliko kanzu yoyote.

Nguo yenyewe hukuambia umekosea wapi. Mikunjo iliyokaza, inayosambaa kama miale kutoka nukta moja, maana yake ni kwamba nguo haitoshi pale miale inapoanzia. Mikunjo iliyolegea, unayoweza kuibana kwa vidole viwili, maana yake imezidi. Wengi huitibu mikunjo yote kwa pamba. Ile iliyolegea hunyooka, lakini ile iliyokaza huzidi, na mwishowe mshono hupasuka.

Mkunjo wa kabari una ustadi wake. Usiufikishe hadi kwenye kilele cha uvimbe. Kwa umbo la sentimita 60, ishia milimita 3 hadi 5 kabla. Mishono mitatu ya mwisho ipite ukingoni kabisa mwa mkunjo, na usirudishe cherehani nyuma kufunga. Acha nyuzi ndefu uzifunge kwa mkono. Kurudisha nyuma huzalisha kifundo kigumu ambacho kitaonekana daima kama chunusi. Vilevile mikunjo miwili midogo hutoa uvimbe wa mviringo, ilhali mmoja mkubwa hutoa ncha. Kwa tako au titi gawa mara mbili; kwa kiwiko au kisigino, ambapo ncha inatakiwa, mmoja unatosha.

Njia tunayoiamini zaidi ya kupata kiolezo ni kuanza na umbo la udongo wa mfinyanzi. Lifinyange katika ukubwa unaoutaka, lifunike kwa nailoni nyembamba, kisha libandike utepe wa karatasi wenye gundi vipande vifupi vifupi, tabaka mbili, vikipishana. Chora kwa kalamu mahali mishono itakapopita, weka alama za kukutanisha kila sentimita 3 au 4, na mishale ya kuonyesha juu ni wapi. Kata kwa kisu, bandua, kisha jaribu kulaza kila kipande mezani. Kipande cha sehemu iliyovimba kitakataa kulala. Ukikipasua kutoka ukingoni, mpasuko utafunguka, na ule uwazi ndio ukubwa kamili wa mkunjo wa kabari unaohitajika. Kipande cha kiuno au shingo kitajikunja mawimbi, na ukikipasua kingo zitapandana. Hapo ndipo mahali pa kuweka kikwapa au kupitisha mshono mwingine. Chora kiolezo kwenye karatasi, ongeza milimita 6 za mshono kuzunguka, na uanze kushona jaribio kwa kitambaa cha bei nafuu. Jaribio la kwanza halijawahi kuwa umbo la mwisho, kwa yeyote.

Kuhusu vipimo, mtu mzima hugawanywa katika vichwa saba na nusu. Umbo la sentimita 60 lina kichwa cha sentimita 8. Nusu ya urefu wote iko kwenye kinena, si kiunoni, na hapo ndipo miguu ya wanaoanza huwa mifupi. Kiwiko hufika usawa wa kiuno, kifundo cha mkono hufika kinenani. Kiganja pamoja na vidole hufunika uso kutoka kidevuni hadi katikati ya paji. Unyayo una urefu karibu sawa na mkono kutoka kifundo hadi kiwiko. Mikono na nyayo ndogo kupita kiasi ni ugonjwa wa kazi hii, kwa sababu kushona vidole vidogo kunachosha na kila mtu angependa kuvimaliza haraka.

Kitambaa cha kujifunzia ni amerikani, pamba isiyopaushwa, ya uzito wa wastani. Ifue kwa maji ya moto kwanza ili irudi na itoke wanga. Mtande, yaani nyuzi za urefu wa nguo, uende sambamba na urefu wa mkono au mguu, maana mtande hauvutiki sana na kiungo kitabaki na urefu uliokusudia. Ukikata mshazari, yaani nyuzi 45 kutoka kwenye mtande, nguo itavutika na kukumbatia mapindo kwa ulaini mzuri, ila kiungo kinaweza kujinyonga kikishajazwa. Kinga yake ni kukata nguo ikiwa imekunjwa mara mbili, nyuso zikitazamana, ili mishazari ya mbele na ya nyuma ielekeane. Ukikata vipande vyote viwili kutoka upande uleule wa nguo, nyuzi huzunguka kiungo mfululizo na mguu hugeuka kisigino kikatazama pembeni. Vitambaa vya jezi na stokingi vinasamehe makosa mengi ya kiolezo, lakini havisamehi pamba iliyojazwa vibaya, maana kila bonge huonekana. Tunashauri ganda la amerikani ndani lishike umbo, kisha ngozi ya jezi juu yake.

Urefu wa mshono uwe milimita 1.5, si 2.5 za kawaida, kwa sababu mshono mrefu hufunguka nguo inaposukumwa na pamba huchungulia. Kwenye mapindo yanayoingia ndani, katia vipasuo hadi milimita 1 kutoka kwenye mshono. Kwenye yanayotoka nje, kata vipembe vidogo vya nguo. Kwapa na kinena pita na uzi mara mbili kabla ya kupasua. Mishono hapo ndiyo hukatika kuliko popote.

Si lazima mshono ufichwe. Mchongaji Louise Bourgeois, aliyezaliwa Paris mwaka 1911 katika familia iliyokarabati mazulia ya ukutani, alishona vichwa na miili kwa taulo, shuka na nguo kuukuu mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuendelea, akaacha mishono ionekane wazi kama makovu. Lakini angalia inakopita: inafuata umbo. Mshono unaopita kwenye ukingo wa mbavu au chini ya shavu huonekana umetoka mwilini. Mshono unaokatiza mahali pasipo na pindo lolote huonekana kama kosa hata ukishonwa kwa ustadi.

Sasa pamba, yaani chochote cha kujazia. Nyuzi za poliesta hurudi zikibonyezwa, haziliwi na wadudu, na ndizo tunazozipenda kwa kazi ya kudumu. Sufi ni nyepesi na laini sana, ila hulala kadiri miaka inavyopita, na vumbi lake huingia puani, hivyo funika pua na mdomo. Sponji tuiache kabisa: huwa ya manjano, kisha hubomoka unga ndani ya nguo baada ya miaka, na hakuna namna ya kuiokoa.

Umbo la sentimita 60 lina ujazo wa takriban lita 3, na likisindiliwa barabara hula gramu 300 hadi 450 za poliesta. Ukiongeza kimo mara mbili, pamba huongezeka mara nane. Hesabu hii huwashtua wengi wanapoamua kutengeneza mtu wa ukubwa kamili, na ndiyo sababu mwili mkubwa hujengwa kwa kiini cha matambara yaliyofungwa kamba kwa nguvu, kisha pamba safi ikawekwa juu tu, unene wa sentimita 3 hadi 5.

Chambua pamba kwa vidole kabla ya kuiingiza. Bonge dogo liende kwenye ncha na pembe, bonge kubwa liende kwenye eneo pana. Mabonge madogo mengi katika paja hutoa ngozi yenye matuta. Kila bonge jipya lisukumwe katikati ya lililotangulia, kwa kijiti chenye ncha butu, ili nyuzi zishikane. Ukiyapanga moja juu ya jingine, kiungo kitavunjika pale yanapokutana mara tu utakapokipinda. Shingo ijazwe mpaka kidole gumba kishindwe kuibonyeza, na bado upitishe kijiti cha mbao cha milimita 6 kinachoingia sentimita 4 kichwani na sentimita 6 kifuani. Shingo inayoyumba huharibu kazi yote, kwa kuwa mtazamaji huanzia usoni. Baada ya kujaza, acha siku moja. Nguo italegea na utapata nafasi ya kuongeza.

Ukishajaza, ndipo uchongaji hasa unaanza, kwa sindano ndefu ya sentimita 10 hadi 12 na uzi wa poliesta imara uliopakwa nta. Lengo ni kuunganisha nyuso mbili zinazotazamana ili zikaribiane: mgongo na kifua, ndani ya goti na mbele yake, kitovu na kiuno cha nyuma. Toboa kutoka upande mmoja, tokea upande wa pili, shika nyuzi tatu au nne za nguo, rudi karibu na ulipoanzia. Bonyeza kwa kidole gumba mpaka shimo lifike kina unachotaka, ndipo uvute uzi kuondoa ulegevu. Uzi uje kushikilia kile kidole kilichokwisha kufanya. Ukiufanya uzi ubonyeze peke yake utakata nguo. Funga kwa mishono miwili midogo papo hapo kabla ya kuhamia pengine, la sivyo ukikatika mmoja yote inafunguka. Uti wa mgongo hupatikana kwa safu mbili za mishono ya aina hii, milimita 8 kutoka katikati kila upande, zikivutwa zaidi kiunoni kuliko kati ya mabega. Mfupa wa bega ni kinyume: hapo ongeza bonge bapa juu ya kiini kabla ya kuvalisha ngozi, kisha vuta kando yake ya ndani. Kuweka kitu kigumu kama mifupa ndani ya nyama ya nguo ni wazo la zamani. Msanii Dorothea Tanning, katika sanamu yake ya Nue couchée (mwanamke uchi aliyelala) ya 1969–70, aliweka mipira ya tenisi ya meza chini ya kitambaa ikawa uti wa mgongo wa mwili uliolala.

Usoni sindano ileile hufanya kazi kwa kipimo kidogo. Kwa kujifunza, kichwa kisipungue sentimita 12, na stokingi iwe nene, denia 40 au zaidi (denia ni kipimo cha unene wa uzi). Ile nyembamba huachia nyuzi na mpasuko hukimbia hadi utosini. Macho yako katikati ya urefu wa kichwa, na kosa la kuyashusha chini ndilo linalofanya nyuso zifanane na za watoto. Chini ya pua ni katikati ya macho na kidevu. Kati ya jicho na jicho pana upana wa jicho moja.

Anza na pua, maana sehemu nyingine zote hupimwa kutoka kwake. Funga uzi kisogoni au mahali nywele zitakapofunika. Ingiza ncha ya sindano chini ya stokingi na uchokoe pamba ipande kwenye mstari wa katikati, kisha pitisha uzi chini ya tuta hilo, kushoto kwenda kulia na kurudi, ukishuka milimita 4 kila mara. Kwenye kingo za nje za pua ruka upana zaidi na uvute kwa upole. Kisha pembe ya ndani ya kila jicho ivutwe kuelekea kisogoni, milimita 3 hadi 5 kwa kichwa cha ukubwa huu, na pembe ya nje kidogo zaidi ya nusu ya hapo. Pembe za mdomo huvutwa kuelekea nyuma ya masikio, na mashavu huinuka yenyewe. Hapa ndipo uvumilivu hulipa: uso uliovutwa upande mmoja hadi mwisho kabla ya kugusa upande wa pili hupinda, kwa kuwa kila uzi mpya hulegeza wa zamani. Vuta kidogo kushoto, kidogo kulia, geuza kichwa juu chini ukitazame, kisha rudia. Ukiona miale ya mikunjo ikitoka kwenye pembe ya jicho, umevuta kupita kiasi. Legeza, ongeza pamba ubavuni pa pua, uvute upya.

Vidole: chora mkono kwenye nguo iliyokunjwa, shona kwanza, kata baadaye. Kati ya kidole na kidole weka mishono miwili ya kukatiza, usiache ncha kali ya V, kwani hapo ndipo nguo hukosa pa kugeukia na kukunjamana. Paka tone la gundi ya nguo, likauke, punguza ukingo hadi milimita 3, pasua hadi kwenye mishono hiyo miwili. Kugeuza kidole chembamba, ingiza mrija mgumu ndani yake, kisha kwa nje sukuma ncha ya kidole iingie mrijani kwa kijiti butu. Waya wa alumini wa milimita 1 hadi 1.5 uingie kila kidole, ncha ikiwa imekunjwa na kuzungushiwa pamba. Ncha isiyokunjwa itatoboa ngozi siku moja. Kwa mikono na miguu ya umbo hili, waya wa milimita 3 unatosha. Chuma tupu hushika kutu na kutia doa.

Uzito nao ni zana. Msanii Senga Nengudi, katika mfululizo wake wa R.S.V.P. miaka ya 1970, alinyoosha stokingi zilizotumika na kuzijaza mchanga, zikaning'inia kama nyama iliyobeba mimba na umri. Tumbo lililolala, titi la mzee, shavu lililoshuka havipatikani kwa poliesta pekee, maana poliesta husukuma sawasawa kila upande na mchanga huvuta chini tu. Weka mchanga uliooshwa na kukaushwa kwenye kifuko cha stokingi mbili, kining'inize ndani ya ngozi iliyolegea, na uache nafasi ya robo bila kujaza. Mchongaji Magdalena Abakanowicz alielekea upande mwingine kabisa: migongo 80 ya mfululizo wake wa 1976–80 ni magunia yaliyobanwa kwenye ukalibu wa mwili wa mtu na kugandishwa, ikawa maganda matupu kwa mbele. Njia hiyo hutoa mikunjo ya ngozi isiyowezekana kwa kujaza, lakini ukigandisha umeaga ulaini, na sisi tunauona ulaini kuwa ndiyo sababu ya kuchagua nguo badala ya udongo.

Umbo la kukaa likatwe hivyo tangu kwenye kiolezo. Mwili uliokatwa umesimama kisha ukakunjwa utarundika nguo kinenani na kukosa nguo makalioni.

Rangi ya ngozi ichovywe kabla ya kukata. Tunaepuka kuchovya kwa majani ya chai, kwani tanini na asidi yake hudhoofisha pamba baada ya muda. Stokingi za nailoni zisiwekwe juani. Kama umetumia sufu ya kondoo na umeona nondo, funga umbo kwenye mfuko wa plastiki usioingiza hewa, liweke kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri wiki mbili, kisha liache lirudi joto la chumba kabla ya kufungua mfuko, ili unyevu usiloweshe nguo.

Tundu la kujazia liwe mgongoni au chini ya nywele, lifungwe kwa mshono wa ngazi: sindano hushika pindo la upande huu milimita 3, kisha la upande ule, na uzi ukivutwa hupotea ndani. Kabla ya kulifunga, shonea kipande cha utepe kwa ndani chenye mwaka, aina ya pamba, unene wa waya na mahali unapopita. Atakayelifungua kulikarabati atajua asikate wapi.